Kutu Chini ya Mafuta

Katika karibu kila ghala zinamowekwa bunduki, liwe ni la askari wa wanyamapori, la makumbusho, au sanduku la mwananchi mwenye kibali cha gobore la kulindia shamba, vifaa vya kupambana na kutu ni vile vile: kopo la mafuta, tambara na kipande cha msasa. Bunduki hutolewa mara moja kwa mwezi, ikapanguswa, ikapakwa mafuta hata ikang'aa, kisha ikarudishwa mahali pake. Mwezi unaofuata madoa mekundu yapo tena, na aghalabu yapo pale pale yalipokuwa. Hapo lawama huanza kugawanywa. Mafuta yalikuwa hafifu. Mlinzi ni mvivu. Hewa ya pwani haina dawa. Basi mafuta huongezwa, msasa husuguliwa kwa nguvu zaidi, na baada ya miaka ishirini bunduki imekwisha, nusu imeliwa na kutu na nusu imeliwa na mlinzi wake.

Sababu ya kushindwa huku si uvivu. Ni fikra isiyo sahihi juu ya kutu yenyewe, na fikra hiyo, kwa bahati mbaya, hutiwa nguvu kila mwaka na jaribio linalofanywa katika madarasa ya kemia. Watu huamini kwamba mafuta ni ukuta: chuma kikiisha kupakwa, maji na hewa havina njia ya kukifikia. Ukweli ni kwamba mafuta yana manufaa makubwa juu ya chuma kilicho safi na kikavu, na yana manufaa machache sana juu ya chuma chenye chumvi. Swali la kwanza la mwenye ghala lisiwe "Mafuta gani?" bali "Chini ya mafuta kuna nini?"

Swali hilo lilijibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kisa chake kinastahili kuelezwa kirefu, kwa kuwa kinaonyesha vizuri namna uchunguzi unavyotenga sababu na visingizio. Baruti isiyo na moshi ilipoenea majeshini, tangu miaka ya 1880, bunduki zilizoitumia zilikuwa na tabia ya kuwashangaza wenyewe. Mtutu ulisafishwa vizuri baada ya kupiga, ukapakwa mafuta, ukaonekana unang'aa kama kioo. Siku chache baadaye ulikutwa na kutu ndani. Wengine walisema kwamba baruti mpya huacha asidi ndani ya chuma. Wengine walisema kwamba gesi za mlipuko hupenya katika vitundu vidogo sana vya chuma, kisha hutoka polepole kama jasho. Dawa za kuua asidi zikatungwa na kuuzwa.

Mwaka 1922 Wilbert J. Huff, mkemia wa Idara ya Migodi ya Marekani, alitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya kutu inayotokea chini ya utando wa mafuta. Aligundua kwamba mkosaji hakuwa baruti, bali fataki, yaani kile kidonge kidogo kilicho nyuma ya risasi ambacho hupigwa na msumari wa bunduki na kuiwasha baruti. Fataki za zama zile zilikuwa na kloreti ya potasiamu. Kloreti hiyo ilipolipuka ilitoa oksijeni yake yote, na kilichobaki kilikuwa kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Ilitapakaa katika mtutu mzima kama vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho.

Sasa tazama kinachofuata. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Tambara lenye mafuta likipitishwa ndani ya mtutu huondoa masizi, hutoka jeusi, na mwenye bunduki huridhika. Lakini chumvi imebaki ilipokuwa, sasa ikiwa imefunikwa. Hewa ikiwa kavu hakuna linalotokea, hata kwa miezi. Hewa ikijaa unyevu, mvuke hupenya polepole katika utando wa mafuta, chumvi huuvuta na kuyeyuka, na chini ya mafuta yale yale yaliyowekwa kuwa kinga hutokea kidimbwi cha maji ya chumvi kilichogusana na chuma. Ndiyo sababu bunduki iliyokaa Dodoma miaka kadhaa bila doa inaweza kuanza kuota kutu baada ya wiki chache tu za kuhamishiwa Tanga. Chumvi ilikuwapo siku zote, ikingoja maji.

Dawa yake ilikuwa jambo ambalo mtu aliyefundishwa kwamba maji ni adui wa chuma hawezi kulitarajia, nayo ni maji. Kiyeyushi cha chumvi ni maji, na hakuna kilicho rahisi kuliko hicho. Askari wa Uingereza walikuwa na desturi ya kumimina maji yanayochemka katika mtutu kwa kutumia faneli. Maji yalichukua chumvi, na joto lake likaukausha mtutu mara moja; mafuta yalipakwa baada ya hapo. Watumiaji wa bunduki za baruti nyeusi nao walikuwa wakiziosha kwa maji ya moto tangu zamani, maana mabaki ya baruti hiyo, ambayo ni pamoja na kaboneti na salfeti ya potasiamu, huyeyuka katika maji. Elimu hiyo ilikuwapo mikononi mwa watu kabla haijafika maabara. Huff aliieleza sababu yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vya Ujerumani vilianza kuuza fataki zisizo na kloreti, na leo risasi nyingi zinazotengenezwa ni za namna hiyo. Hata hivyo risasi za kijeshi za nchi za Ulaya ya Mashariki ziliendelea kuwa na kloreti kwa miongo mingi, na akiba yake haijakwisha duniani. Mwenye ghala asiyejua risasi zake ni za aina gani hana budi kudhani kwamba ni zile mbaya.

Ili kuelewa kwa nini chumvi ina nguvu kiasi hiki, yafaa kukumbuka kwamba kutu si uchafu uliotoka nje ukaja kukaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Mahali pamoja atomu za chuma hupoteza elektroni na kuingia katika maji zikiwa ioni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambako oksijeni na maji huzipokea na kufanyika ioni za hidroksidi. Ioni za namna mbili zikikutana, na oksijeni zaidi ikiingia, kutu hutokea. Hii ni betri ndogo, na kama betri yoyote haiwezi kufanya kazi bila kioevu kinachopitisha umeme. Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi, na zaidi ya hayo kloridi huvunja utando mwembamba wa oksidi ambao ungekilinda chuma kidogo. Kutu nayo ikiisha kutokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hububujika, hupasuka na kubanduka, na katika nyufa zake hutunza maji kama sifongo. Kutu huita kutu.

Katika miaka ya 1920 na 1930 mwanasayansi wa Uingereza, W. H. J. Vernon, alichunguza vipande vya chuma vilivyowekwa katika hewa yenye unyevu wa viwango mbali mbali. Matokeo yake yangali yanatumika. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya kiasi cha asilimia 60 kutu huwa kidogo mno. Ukipita hapo huongezeka ghafula. Ghala linaloweza kushikilia unyevu chini ya mpaka huo limekwisha kushinda sehemu kubwa ya vita, hata kabla ya kopo la mafuta kufunguliwa.

Lakini mpaka huo ni wa chuma kisicho na chumvi. Kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu ambapo huanza kuvuta maji ya hewa hata ikayeyuka. Kwa kloridi ya potasiamu ni karibu asilimia 85, kiwango ambacho hewa ya pwani hukifikia usiku na alfajiri siku nyingi za mwaka. Kwa chumvi ya mezani ni karibu asilimia 75. Chumvi ya bahari, hata hivyo, haina chumvi ya mezani peke yake. Ina pia kloridi ya magnesi, ambayo huanza kuyeyuka hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu. Hewa kavu kiasi hicho haipatikani Lamu wala Bagamoyo. Maana yake ni kwamba chuma kilichopata tone la upepo wa bahari kinaweza kuwa na maji juu yake hata siku ambayo mlinzi akikitazama anakiona kikavu kabisa. Jasho la vidole nalo lina chumvi, na alama ya kidole iliyoachwa juu ya mtutu husomeka baadaye kwa rangi nyekundu. Wafanyakazi wa makumbusho huvaa glavu kwa sababu hiyo, si kwa madaha.

Mwenye ghala hana uwezo juu ya bahari wala juu ya masika, lakini ana uwezo juu ya hewa iliyomo ndani ya kabati lake. Hapa hesabu kidogo inasaidia kuliko mafuta mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 za sentigredi inaweza kubeba mvuke wa gramu 30 hivi. Hewa hiyo ikiwa na nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17. Basi asilimia ya unyevu hubadilika joto linapobadilika, ingawa maji yaliyomo hewani ni yale yale. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 30 pasipo kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 60. Nyuzi tano tu zimeleta tofauti baina ya kutu na usalama. Balbu ndogo ya waya, ya zile za zamani, iliyofungwa chini ndani ya kabati na kuwashwa mchana na usiku, yatosha kufanya kazi hiyo, mradi isikaribiane na kitako cha mti wala na matambara yenye mafuta yanayoweza kushika moto. Balbu za kisasa zisizotoa joto hazifai hapa, jambo ambalo ni sifa yake mahali pengine pote.

Hesabu hiyo hiyo inafichua kosa la watu wenye nia njema na fedha nyingi, yaani kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa jioni. Chumba hupoa mchana kutwa hadi nyuzi 22, na bunduki nazo hupoa, kwa kuwa chuma kizito huchukua muda mrefu kubadili joto lake. Jioni mashine huzimwa, na hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huingia kupitia milangoni na madirishani. Hewa kama hiyo huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 26. Bunduki zina nyuzi 22. Hutokwa na maji kama chupa ya soda iliyotolewa katika jokofu, na hakuna anayeona, kwa sababu mlango umekwisha kufungwa. Makumbusho yasiyoweza kulipia umeme wa usiku ni afadhali yasiwe na kiyoyozi katika ghala la vyuma, yabaki na balbu na kabati lililofungwa vizuri.

Silika jeli ni nzuri ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, na ni lazima ikaushwe kwa moto kila inaposhiba maji. Kuiweka katika kabati lenye mianya ni kutaka kuikausha Bahari ya Hindi. Mikoba ya ngozi ni ya kubebea bunduki, si ya kuihifadhia. Ngozi hunyonya unyevu, na mara nyingi ina mabaki ya asidi na chumvi za kiwandani. Maturubai na sifongo havina tofauti. Mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya bunduki yenye unyevu ni mbaya kuliko kuiacha wazi.

Watetezi wa mafuta wana hoja moja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilihifadhi silaha zake kwa grisi nzito iitwayo Cosmoline, na masanduku yaliyofunguliwa miongo mingi baadaye yalikutwa na bunduki zisizo na doa. Je, huo si ushindi wa mafuta? Ni ushindi wa grisi nene iliyowekwa juu ya chuma kilichosafishwa na kukaushwa kwanza. Mafuta mepesi ya mashine yanayopakwa kwa tambara hufanya utando mwembamba mno, tena hutiririka kwenda chini, hukusanyika katika kitako cha mti na kukiozesha, na sehemu ya juu hubaki tupu. Atakayehifadhi kwa miaka apake grisi au nta. Atakayehifadhi kwa mwezi apake mafuta kidogo. Kazi ya kwanza kwa wote wawili ni kuosha na kukausha.

Kuhusu msasa hapana budi kusema kwa ukali zaidi. Mafuta yaliyopakwa vibaya yanaweza kufutwa kesho, lakini chuma kilichoondolewa kwa msasa hakirudi. Rangi nyeusi yenye usamawati inayoonekana juu ya bunduki nyingi si rangi ya kupakwa. Ni utando wa magnetiti, yaani oksidi nyeusi ya chuma, uliofanywa makusudi kiwandani, na ingawa hauzuii kutu peke yake, hushika mafuta vizuri na kupunguza kasi ya uharibifu. Msasa huuondoa kwa dakika moja. Siki na maji ya ndimu, ambavyo baadhi ya watu huvisifu, huuondoa pia, na vikiachwa huendelea kula chuma kizima kilicho chini. Bunduki ya makumbusho inayong'aa kama sufuria mpya ni ushahidi kwamba kuna mtu ameiharibu.

Pamoja na utando huo huondoka maandishi. Katika karne ya 19 bunduki kwa maelfu ziliingia Afrika Mashariki kupitia Zanzibar, nyingi zikiwa silaha za zamani ambazo majeshi ya Ulaya hayakuzihitaji tena, na biashara hiyo ilikuwa kubwa hata mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yakatia sahihi mkataba wa kuizuia katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobore lililosalia la zama zile lina mihuri ya kiwanda, ya ukaguzi na ya jeshi lililolitumia kwanza, yenye kina kidogo kuliko unene wa ukucha. Mihuri hiyo humwambia mwanahistoria silaha ilitoka wapi na ilipita mikono ya nani. Mara nyingi hakuna karatasi nyingine inayosema hivyo. Askari mwenye bidii na msasa wa senti chache anaweza kuifuta asubuhi moja, kisha akasifiwa kwa usafi.

Wala si jambo la historia tu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa sahihi na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka serikali kuzitia silaha alama ili ziweze kufuatiliwa zinapoibwa au kutumiwa katika uhalifu. Silaha iliyosuguliwa hadi namba yake ikafifia imepoteza jina lake. Mhalifu hufanya hivyo kwa kusudi. Ghala halipaswi kumfanyia kazi hiyo bure.

Namna ya kuondoa kutu bila kuondoa bunduki inajulikana. Mjuzi mwenye mamlaka huikagua kwanza, kwa maana magobore ya kale yamewahi kukutwa yangali na shindilio la baruti ndani, na baruti nyeusi iliyokaa kavu haisahau kazi yake. Kisha kutu hutengwa: ile nyekundu inayotoka kwa kidole ni kutu hai na yafaa iondoke, utando wa hudhurungi au mweusi ulioshikamana na chuma aghalabu ni mtulivu na unaweza kuachwa. Mahali pa kutu hulowekwa mafuta kwa siku nzima, halafu hukwanguliwa kwa kitu kilicho laini kuliko chuma, kama kijiti cha mwanzi au kipande cha shaba. Kazi husimamishwa mapema, chuma kingali cheusi.

Kwa vyuma vya makumbusho ipo pia tanini, ambayo wahifadhi wa Ulaya wameitumia tangu miaka ya 1960. Myeyusho wake ukipakwa juu ya kutu huigeuza kuwa taneti ya chuma, utando mweusi usio na haraka ya kubadilika. Jambo la kuvutia ni kwamba tanini haikosekani Afrika Mashariki. Magamba ya mikoko ya pwani yaliwahi kusafirishwa nje kwa ajili yake, na miwati ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya ilipandwa kwa ajili hiyo hiyo, ya kutengenezea ngozi. Kuona ghala la makumbusho likiagiza kichupa cha tanini kutoka ng'ambo kunasikitisha kidogo.

Chuma kilichokaa baharini ni habari nyingine, na hapa wapenzi wa brashi ya waya hawana budi kukaa mbali kabisa. Kloridi imezama ndani, katika tabaka za kutu na nyufa za chuma, wala kuosha kwa siku moja hakuifikii. Chuma kama hicho kikitolewa majini na kuachwa kikauke huvimba, hupasuka na kumeguka, wakati mwingine kwa muda wa miezi michache. Mombasa inaifahamu kazi hii. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, ilichimbuliwa kutoka sakafu ya bahari kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, na kuzamua kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuvihifadhi vitu katika maabara ya ngome. Kwa mzinga wa chuma njia inayofaa ni kuutia katika myeyusho wa alkali na kuupitishia umeme hafifu, mzinga ukiwa upande hasi, hadi kloridi ivutwe nje kidogo kidogo. Kwa mizinga mikubwa huchukua miezi mingi, hata miaka. Mahali ambapo hilo haliwezekani hubaki njia ya hewa kavu sana: huko Bristol, Uingereza, sehemu ya chini ya meli ya chuma Great Britain imefunikwa kwa paa la kioo tangu mwaka 2005, na hewa iliyo chini yake hushikiliwa kwenye unyevu wa asilimia 20. Gharama yake si ndogo. Ni bora zaidi kuosha chumvi siku ya kwanza.

Katika ngome hiyo hiyo ya Mombasa umesimama mzinga wa manowari ya Ujerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, pamoja na mzinga wa manowari ya Uingereza Pegasus, ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Maadui wawili wa zamani sasa wana adui mmoja, na adui huyo huvuma kutoka baharini kila siku. Kwa vyuma vya nje kama hivyo rangi nzuri ni ya lazima. Lakini rangi, kama mafuta, haifai kitu ikipakwa juu ya chumvi, na kuosha kwa maji matamu kabla ya kupaka hugharimu mpira wa maji na asubuhi moja.

Sasa turudi darasani. Jaribio la kutu linalofahamika na kila mwanafunzi ni la mirija mitatu yenye misumari. Mmoja una hewa iliyokaushwa kwa kloridi ya kalsiamu. Wa pili una maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta. Wa tatu una maji na hewa. Msumari wa tatu huota kutu, na mwanafunzi huandika kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni. Jibu hilo ni sahihi na linapata alama zote. Lakini macho ya mwanafunzi yameona jambo jingine: penye mafuta hapakuwa na kutu. Hakuna anayemwambia kwamba yale yalikuwa tabaka nene juu ya maji yaliyokwisha kuondolewa hewa, na kwamba utando mwembamba juu ya chuma chenye chumvi ni kitu tofauti kabisa. Anatoka shuleni na imani ya ukuta wa mafuta, na miaka kumi baadaye ndiye anayekabidhiwa funguo za ghala.

Jaribio hilo lisifutwe, bali liongezewe jingine ambalo shule yoyote inaweza kulifanya kwa misumari, bila silaha yoyote kukaribia darasa. Misumari hupanguswa kwa spiriti na kugawanywa mafungu manne: mitupu, iliyopakwa mafuta, iliyochovywa katika maji ya chumvi na kukaushwa, na iliyochovywa katika maji ya chumvi, ikakaushwa, kisha ikapakwa mafuta. Kila fungu hugawanywa katika chupa tatu zenye vifuniko, misumari ikining'inizwa kwa uzi. Chini ya chupa ya kwanza huwekwa myeyusho ulioshiba wa kloridi ya magnesi, ambao hushikilia hewa ya chupa kwenye unyevu wa asilimia 33. Ya pili, chumvi ya mezani iliyoshiba, asilimia 75. Ya tatu, maji matupu, karibu asilimia 100. Wanafunzi huandika wanachokiona kila siku kwa wiki tatu. Msumari wenye chumvi chini ya mafuta ndio wa kutazamwa, na mwalimu afanye vema kutosema lolote juu yake mapema.

Kipimaunyevu nacho hakihitaji kununuliwa. Vipimajoto viwili vinavyofanana hufungwa kwenye ubao mmoja, na tungi la kimoja huvishwa kipande cha utambi ambacho ncha yake imo katika kikopo cha maji safi. Maji yanapogeuka mvuke hukipoza kipimajoto hicho, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Kikavu kikisoma nyuzi 30 na chenye utambi 27, unyevu ni karibu asilimia 78, na vyuma vimo hatarini. Kikavu kikisoma 30 na chenye utambi 24, unyevu ni karibu asilimia 60. Kifaa hicho, pamoja na daftari la kuandika namba zake asubuhi na jioni, kinaweza kutengenezwa na kidato cha pili na kupelekwa katika makumbusho yaliyo karibu na shule, ambako huenda hakuna mtu aliyewahi kupima hewa ya ghala hata siku moja.